Mbegu Ile Ile ya Wifi

"Shangazi, kwa nini umemdanganya daktari?"

Nilikuwa na miaka minane, nimeshika kamba ya mtamba wake, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Akanijibu, "Nenda kaoge."

Shangazi ni dada wa baba, na zizi lake limepakana na letu. Katikati kuna ukuta wa mbao wenye tundu usawa wa jicho, alilolitoboa mwenyewe. Mama akikamua, shangazi anahesabu. "Ndoo mbili tena! Ng'ombe wa wifi anakunywa mvua nini?"

Si mvua. Ng'ombe huyo alitokana na mbegu aliyoilipia mama, ya dume wa bei kubwa, ambaye sisi tumemwona kwenye kitabu cha daktari wa mifugo tu, ingawa ana watoto mtaa mzima. Mbegu zake hukaa kwenye mtungi wa baridi. Daktari akiufungua, moshi mweupe unatoka, nami nilidhani dume anapumua humo ndani.

Basi shangazi akauza mbuzi wake wawili. Mtamba alipopata joto la kutaka dume, akamwita daktari.

"Nataka yule yule wa wifi. Mwingine sitaki."

"Baba wa mtamba huyu ni nani? Damu moja haipandishwi, ndama huharibika."

"Nitamjulia wapi? Nilimnunua mnadani."

Nilikodoa macho. Mnada gani? Mtamba alizaliwa kwetu, mama akampa shangazi akiwa ndama. Baba yake ni dume huyo huyo! Ndipo nikauliza, nikafukuzwa kuoga. Nyuma yangu nikamsikia akimbembeleza mtamba: "Damu juu ya damu, mwanangu. Utajaza ndoo nne."

Ndama alizaliwa mdogo, miguu imepinda. Hakuwahi kusimama. Siku ya tatu akafa.

"Mama, niambie kweli," daktari akamwambia shangazi. "Mtamba na ndama huyu, baba yao si mmoja?"

Mama yangu, aliyekuja na blanketi, akadakia: "Kosa langu, daktari. Mtamba alitoka kwangu, sikumwambia wifi ni wa dume gani."

Daktari hakuutaja mnada; akafunga mkoba wake. Mama alipotoka, shangazi akapiga teke ndoo.

"Hata kosa langu kalichukua yeye! Hata kosa!"

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi, tukikata majani ya ng'ombe, nilimuuliza shangazi tena. Panga lake likasimama.

"Ningesema kweli, daktari angenipa dume mwingine, nami ningepata ndama mzuri. Lakini mwanangu, mimi sikutaka ndama mzuri. Nilitaka wa mama yako."