Jibu Alilodai Zinaida

Orodha ya maonyesho ya msimu mpya ilipobandikwa ukutani, wacheza baleti wote walikimbilia kutafuta majina yao. Zinaida Arkadyevna, mvishaji mwenzangu, alisoma mstari mmoja tu, akarudi kwenye pasi yake na kuunguza sketi nyeupe. Hakuwahi kuunguza hata kitambaa cha jasho.

Michezo mipya ilikuwepo, ile wanayocheza peku na kaptula za kijivu. Sisi wavishaji tunaipenda kwa sababu haina vifungo. Lakini safari hii wakubwa walikuwa wamerudisha na ile ya zamani, ya bibi harusi anayefufuka kaburini. Haikuwa imechezwa kwetu tangu siku ilipomuua Lida, mdogo wake Zinaida, aliyekuwa bibi harusi. Na bibi harusi wa sasa alikuwa Taisiya, binti wa Lida, aliyelelewa na Zinaida tangu akinyonya.

Kwetu mtu anayepanda jukwaani humtakii heri. Unamtakia mkosi, "Usipate hata unyoya!", naye lazima akutukane: "Potelea kwa shetani!" Akishukuru, kajiitia balaa. Sasa Lida alikuwa na adabu za kukera. Siku ile, chini ya jukwaa, Zinaida alimwambia maneno hayo ya unyoya, Lida akambusu na kusema, "Asante, dada." Zinaida alitaka kumshika ili atukanwe kwanza, lakini muziki ukawahi. Lifti ndogo inayompandisha bibi harusi jukwaani toka kaburini ilikatika Lida akiwa juu yake.

Toka hapo Zinaida hamwambii mchezaji neno. Vijana wanamwona ana maringo. Mimi najua kwamba halali bila taa, na kwamba akipita korido ya chini hujibana ukutani kama anayempisha mtu. Mwanzoni nilimcheka. Niliacha siku niliyojikuta na mimi napisha.

"Ikatae," Zinaida alimsihi Taisiya jikoni kwao, nami nipo, chai inapoa. "Omba ile ya peku."

"Mama mkubwa, mimi siyo mama."

"Miguu yako ni yake. Ubishi wako ni wangu. Utakufa vizuri sana!"

"Basi nivishe wewe. Na uniambie unyoya. Nisipoambiwa na wewe, siambiwi na mtu."

"Mtoto gani huyu, Rimma?" akanigeukia.

"Wako," nikamwambia. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Oktoba ikafika, na theluji ya kwanza. Chini ya jukwaa Taisiya alisimama kwenye lifti, poda nyeupe usoni, shela imemfunika mpaka kiunoni. Zinaida alifunga kishikizo cha mwisho. Kisha akaikazia macho ile shela. Nilijua anamwona nani ndani yake, na hakuwa Taisiya.

Nikamfinya. "Sema, Zina! Mtoto anaondoka!"

"Usipate hata unyoya," alinong'ona.

Muziki ukaanza. Lifti ikaguna, ikapanda. Hapo ndipo tuliposikia sauti ya kike, karibu kabisa, yenye kucheka:

"Potelea kwa shetani, dada!"

Zinaida alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia. Hakuna aliyekuwa chini pale zaidi yetu wawili. Tulibaki tumesimama tukihesabu vishindo vya miguu juu ya vichwa vyetu, na kila kishindo nilisema moyoni, bado yu hai. Ukumbi ulipolipuka kwa makofi, nilijikuta nimekaa sakafuni.

Taisiya alishuka ngazi akikimbia, jasho limeichora poda michirizi.

"Mama mkubwa, nisamehe! Sikukujibu. Lifti ilinipandisha mbio, shela ikaniziba mdomo. Niko juu ndipo nakumbuka, nikasema leo nimekwisha!"

Zinaida alichukua taulo, akaanza kumfuta shingo taratibu, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Mama yako amekujibia."