Matundu Manne ya Mkanda wa Bega

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vifaa vya viungo ya hospitali, Tabora, Uhuru ukiwa bado mpya, Fundi Mkuu alinipa utepe akaniambia nimpime bega. Nikampima. "Tena." Nikarudia, vipimo vikapishana kwa upana wa kidole.

"Kidole hicho ndicho kitakachomchubua mtu kwapani," akasema.

Tangu hapo napima kila kitu mara mbili, hata chai ninayotiliwa.

Nilishona mikanda ya migongo na viatu vya wenye mguu mmoja mfupi, nikapelekwa Bukene, nikarudishwa. Wakati huo ni Ujamaa, sote tunaitana ndugu. Ndipo akaja Ndugu Maganga, msaidizi wa dereva wa garimoshi. Bega lake la kulia lilikuwa limezoea kutoka mahali pake. Mara ya mwisho lilichomoka akivaa shati.

Kazi yake ilikuwa kudaka pete ya ruhusa ya njia. Mtu wa stesheni huinyanyua, naye Maganga akiwa ndani ya garimoshi linalokwenda huipitishia mkono. Bila pete, treni haiendi mbele.

Mganga Mkuu aliagiza mkono ufungwe kifuani moja kwa moja.

"Ndugu fundi," Maganga akanilalamikia, "nikifungwa hivyo nitafagia banda la vichwa vya treni mpaka nizeeke. Bosi ameshanionyesha na ufagio."

Kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni kinafaa siku za mwanzo tu. Soksi ya mpira ya bega, iliyotoka Dar, ilipendeza na kutia joto, lakini haikuzuia kitu. Nikachagua bangili pana ya ngozi kwenye mkono wa juu, ndani sufi, imeungwa na mkanda wa kifuani wenye matundu. Tundu ndilo linaloamua mkono uende hadi wapi; yakizidi, mkono huenda mbali zaidi.

"Nipe manane," akasema.

"Mawili."

"Ah! Hata bei ya vitunguu sokoni Ng'ambo haishuki hivyo!"

"Kitunguu hakina bega, ndugu yangu."

Nikamwambia anionyeshe anavyodaka. Alipopeleka mkono juu na nyuma, uso ukamkunjamana, nikamshika upesi. Kumbe adui ni kule nyuma, mbele hakuna neno. Nikafunga njia ya nyuma, nikatoboa manne. Mganga Mkuu akakubali kwa sharti: pete idakwe kwa mkono wa kushoto, na mazoezi ya bega kila asubuhi, kwani mkanda hauponyi, unakumbusha tu.

Wiki nzima tulimfundisha kudaka: tulimpakia kwenye toroli la nguo chafu, muuguzi akisukuma, mimi nimesimama nimenyanyua pete ya pipa. Wagonjwa madirishani walipiga miluzi ya treni. Mara mbili alidaka shingo yangu.

Siku ya kujaribiwa alikwenda Tura, msimamizi wake kando. Niliwasubiri stesheni ya Tabora warudi. Treni ikaingia, Maganga amechungulia nje, pete kwenye mkono wa kushoto.

"Ndugu fundi! Hesabu mabega!"

Nikahesabu, nikarudia. Mawili, yote mahali pake.

Miaka mingi baadaye, sasa dereva kamili, aliniletea mkanda nibadilishe sufi. Nikahesabu matundu, nikarudia. Matano. La tano lilikuwa limepinda, kazi ya msumari.

"Hili lini?"

"Wiki ile ile," akajibu, akitazama dari.

Basi vijana mlioshika karakana, siri ni hii. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu, kila aliyepaswa kupata manne nilimpa matatu. La nne nilimwachia atoboe mwenyewe nyumbani.