Zulia Lililokatwa kwa Mkasi

Saa tatu asubuhi, Yadollah Samavat anavua viatu, kisha soksi, na kuanza kutembea juu ya zulia la watu huku amefumba macho. Mwenye nyumba, Bi Mahlagha, anamtazama akiwa na birika la chai mkononi.

"Umekuja kununua au kucheza ngoma?" anamuuliza.

"Miguu haidanganyiki, Bi Mahlagha. Macho yalishanitia hasara."

Yadollah, mwenye umri wa miaka 61, ni mnunuzi wa mazulia ya kale hapa Kashan, Iran. Kwa miaka 38 amekuwa akibisha hodi nyumba hadi nyumba. Ujanani aliuziwa zulia lililozeeshwa kwa chai na jua kali, ikayeyuka akiba ya miaka miwili. Tangu hapo hatamki bei kabla hajaligeuza zulia, akahesabu mafundo kwa ukucha wa kidole gumba, na kulisugua kwa leso nyeupe iliyoloa aone kama linachuja rangi.

Leo leso imebaki nyeupe. Zulia lina zaidi ya miaka mia, na mkono uliolifuma haukuwa na papara. Ila ni nusu. Ua kubwa la katikati limekatwa kati kwa kati.

"Nusu ya pili iko wapi?"

Bi Mahlagha anamimina chai kwanza. "Kwa Fereydun, kaka yangu. Siku ya arobaini ya baba tuligombea zulia hili. Akasema tugawane. Nikamwambia, haya, leta mkasi! Nilidhani ataona haya."

"Akaleta?"

"Akaleta ule wa kukatia manyoya ya kondoo."

Huu ni mwaka wa kumi na mbili hawasemezani, na kati ya nyumba zao kuna vichochoro viwili tu.

"Limenichosha kulitazama," anasema. "Lichukue tu bure, si kitu mbele yako."

Ni maneno ya adabu, na anayeyaamini ataumbuka. Yadollah anakataa mara tatu kama inavyopasa, lakini bei hataji.

Nusu moja haizidi tomani milioni arobaini. Zikiungana, hata milioni mia tatu zinapatikana. Wengine sokoni wangenunua huku kimyakimya, kisha kule, wakajaza mifuko. Yadollah, ambaye mwezi mzuri humwachia milioni ishirini na tano, anavaa viatu na kwenda kwa Fereydun.

"Yeye ndiye kakutuma?" Fereydun anafoka mlangoni.

"Nimejituma. Nataka kuona nusu yako kando ya nusu yake. Kama unamwogopa, niazime, nitaibeba mwenyewe."

"Nani, mimi nimwogope Mahlagha? Na mgongo wa kubebea zulia unao, mzee?"

Analitupia begani na kutangulia.

Nusu zote mbili zinatandikwa sebuleni kwa Bi Mahlagha. Ya dada imepauka kwa jua la dirishani. Ya kaka bado ni nyekundu kama komamanga, kwa kuwa tangu siku ile haikuwahi kukunjuliwa. Yadollah anafuta machozi, wala hajifichi.

"Zote mbili, unatoa ngapi?" Fereydun anamuuliza hatimaye.

"Haliuzwi," anajibu Bi Mahlagha.

Ni neno la kwanza kumwambia kaka yake tangu siku ya mkasi.

Mnunuzi anatoka bila zulia. "Mke wangu atasema nimerogwa," anacheka kichochoroni. Badala yake amepata kibarua cha kuliunga kabla ya Nouruzi, sikukuu ya mwaka mpya, kila Alhamisi, palepale sebuleni. Ametoa sharti moja: muda wote anaposhona, kaka ashike upande wake na dada ashike wake, vinginevyo mshono utakwenda upande.

Je, kweli kazi hiyo inataka watu watatu? namuuliza.

"Naifanya peke yangu tangu ujana," anasema. "Ila hilo usiliandike mpaka Nouruzi ipite."