Kipande cha Kujionyesha cha Syntiche

Mama Dorothée anafundisha violoni nyumbani kwake mtaani Kataki, sebuleni, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya dada yake. Alifundishwa na sista mmoja akiwa bado binti. Wanafunzi wake wengi huishia kwenye nyimbo za misa. Syntiche alishavuka hatua hiyo zamani.

Syntiche ni msusi, ana benchi lake chini ya bati karibu na soko. Waimbaji wa kwaya ya Kabimba waliposema watakuja kwa sikukuu ya parokia, alimfuata mwalimu wake na simu mkononi, akamwonyesha video ya kipande kimoja cha muziki cha mbio. Upinde ulikuwa unaruka juu ya nyuzi kama mafuta ya moto kwenye kikaango. Alitaka kuwapigia hicho.

Wakakijaribu. Upinde haukuruka, ulikwaruza tu, na mkono wa kulia wa Syntiche, unaoshika upinde, ulikazana mpaka begani. Mama Dorothée akampa kingine, cha polepole. Syntiche akakipiga vizuri sana, kisha akasema kwa adabu kwamba wageni watasinzia. Mwalimu hakumlaumu. Kwake yeye, mwanafunzi aliyefika mbali anastahili siku ya kujionyesha. Ugumu ni kupata kipande kinachoonyesha alicho nacho, kisifichue anachokosa.

Jumamosi moja Mama Dorothée alikwenda kwa Syntiche kusukwa. Akaomba kioo aone mistari ya nywele, na humo kiooni akakiona kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Syntiche kikichomoa nywele na kuzivuta, peke yake, huku vidole vingine vimeshika fungu. Akaanza kucheka. Syntiche akauliza kama anamuumiza.

"Haiumi, mama," mwalimu akajibu. "Mukono wako wa kushoto unajua kudonoa, na mimi nilikuwa ninahangaika na wa kuume."

Siku hiyohiyo akamtafutia kipande kifupi cha dansi ambamo vidole vya kushoto vinavyobonyeza nyuzi ndivyo pia vinavyozidonoa, bila upinde. Anayetazama huona maajabu. Syntiche alikishika upesi, akawa anakipiga hata mbele ya wateja wake.

Siku ya sikukuu, alipofika katikati ya dansi, aliushusha upinde kabisa. Violoni ikaendelea kulia. Watu wa Kabimba wakainuka kwenye mabenchi wapate kuona sauti inatoka wapi, na Papa Symphorien, anayeongoza kwaya yao, akaomba arudie. Akarudia kwa kasi zaidi, akakosea hapa na pale huku akitabasamu, na hakuna aliyejali, maana kanisa zima lilikuwa linapiga makofi.

Baadaye, wageni wakila samaki uani, Syntiche alikuja kukaa karibu na mwalimu wake. Jasho lilikuwa halijamkauka.

"Mama, nilijionyesha sana?"

"Sana," akasema Mama Dorothée, akimsogezea sahani. "Njo vile nilitaka."