Mudogo Wangu Anazikwa Kama Mwongo, na Kalamu Ilikuwa Yangu

Admin, jina langu uliache kando. Maman yangu hana Facebook, lakini Bagira yote, mutaa wetu, iko humu ndani ya group.

Niko mwanamuke wa miaka 36, mama wa watoto wawili. Ninatumika mu agence moja hapa Bukavu: tunatengenezea watu dossier za visa na assurance ya voyage, bima ya safari, ile inayolipa hospitali ukigonjwa Ulaya na inayorudisha maiti ukifia huko. Niliitengenezea hata mudogo wangu, na njo inanila. Lakini kusema kweli, sisikii kitu. Ninakula, ninaogesha watoto, ninaenda kazini. Machozi hayakuji.

Mudogo wangu nitamuita Bahati. Alikuwa plongeur Shabunda, wale wanaozama mutoni na mupira wa hewa mu kinywa kutafuta dhahabu, mu maji meusi ambayo huoni hata mukono wako. Muzungu mumoja alikuja kupiga filme, akamuona, akashangaa. Akamualika Ufaransa akajifunze kuzama mu mapango yaliyojaa maji. Nyumbani tulicheka sana: mutu anaacha dhahabu anaenda kuzama bure!

Akakuja ku bureau yangu tujaze formulaire, ile fomu ya assurance. Kuna mahali wanauliza unaenda kufanya nini. Akaniambia, "Yaya, dada yangu, andika vizuri: kuzama mu mapango. Sitaki uongo ku karatasi yangu."

Nikamucheka. Pale kazini kwetu desturi ni moja: mufanyabiashara, pasta, mwanafunzi, wote tunawaandikia "tourisme", utalii tu, kwa sababu neno lingine linazaa maulizo, na maulizo yanazaa refus, visa inakataliwa. Nikamuambia, "Weye Bahati, unatafuta visa ao unakuja kuungama? Kazi hii mimi njo naijua."

Akavuta kiti karibu. "Sawa, Yaya. Weye njo mukubwa." Nikaandika "tourisme", akasaini pale nilipoweka kidole.

Kule alizama mara ine, akapanda juu. Ya tano hakupanda. Walimutoa kiisha siku mbili. Assurance wakaandika kwamba hawarudishi mwili, kwa sababu mwenyewe alificha hatari ya safari yake. Wenzake wakamuzika kule kule.

Barua ilipitia kazini, nikaipeleka nyumbani. Maman hasikii Kifaransa, akaniomba nimusomee. Nikasoma mbele ya watu wa matanga, nikitafsiri neno kwa neno: "Alificha." Nikasoma mpaka mwisho. Tonton yetu, kaka ya maman, akatikisa kichwa: "Kumbe alidanganya mpaka wazungu! Uongo wake njo umemunyima kaburi kwao."

Maman akajifunika uso na kitenge. Pale ningesema kwamba niliandika mimi. Nikakunja barua, nikaenda kuongeza chai ya wageni.

Bahati, wapendwa, hakuwa mwongo. Tukiwa wadogo, akilamba sukari kwa siri alikuwa anaenda mwenyewe kumuambia maman, anachapwa, anarudi anacheka. Maman alikuwa anajisifu naye kanisani. Sasa hata jina lake hataki kulitaja.

Jumamosi tutazika mugomba. Kwetu, mutu akifia mbali na mwili usirudi, tunaweka shina la mugomba mu sanduku pamoja na nguo zake, tunalizika, ili matanga iishe. Jana maman aliniita jikoni, akasema, "Weye njo ulimusaidia mudogo wako sana. Siku ile utasimama mbele ya watu, umuombee musamaha juu ya ule uongo wake, apate kulala."

Nikajibu, "Ndiyo, maman." Nikaendelea kusonga bugali.

Kwetu tumebaki wawili tu, mimi na maman. Nikisema kweli, atajua kwamba kilichomunyima mwili wa mwana wake ni mukono wangu, na sijui kama ataniita mutoto wake tena. Nikinyamaza, nitamuombea musamaha mutu aliyeniomba kitu kimoja tu: niandike kweli.

Shati yake nyeupe nimeshaipiga pasi, ile tutakayovalisha mugomba. Hata chozi moja halikuanguka juu yake. Hilo njo linaniogopesha kuliko yote.

Nishaurini, ndugu zangu. Jumamosi nikisimama pale, nifungue kinywa niseme nini?