Kuku Niliyemwahidi Mungu

Nilihubiri miaka arubaini vijijini kwetu magharibi, na katika miaka hiyo kuku wengi walikufa kwa ajili yangu. Sijivuni. Kwetu mhubiri akiingia nyumbani haachwi aondoke na chai tupu. Kuku hukamatwa, na mhubiri hungoja sebuleni akiimba pambio kwa sauti ili asisikie kelele za nyuma ya jiko. Naamini kuku wa kata ile walinijua kwa mwendo. Nilipotokea na Biblia kwapani, wao ndio waliokuwa wa kwanza kutubu.

Basi msomaji ana ruhusa ya kucheka nikimwambia kwamba mwaka jana, nikiwa mzee wa miaka sabini na sita, nilipiga magoti kwenye bafu la ghorofa ya nne, Kilimani, si kwa ajili ya sala, bali kumwogesha kuku.

Kuku mwenyewe alikuja Nairobi kwa basi, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Mke wangu alikuwa amefariki, nami nimehamia kwa binti yangu. Dada yangu aliyebaki nyumbani akaona dawa ya huzuni ni mchuzi, akamtuma. Lakini siku ya pili kuku akataga yai balkoni, ndani ya ndoo ya kudekia, na binti yangu, ambaye alikuwa ameshanunua vitunguu, akasema tungoje kidogo. Tukangoja miaka miwili.

Mchana kutwa tulikuwa wawili tu, binti yangu akiwa kazini Westlands. Asubuhi nilisali kwa sauti, naye alisikiliza vizuri kuliko waumini wengi niliowahi kuwa nao, ingawa alikuwa na tabia ya kuondoka kabla ya Amina. Wakati huo nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimjua kuku wangu kwa sauti, na kwa namna alivyonidonoa vidole vya miguu sala ikizidi urefu.

Mwezi wa tatu mwaka jana nikapelekwa kupasuliwa jicho la kwanza. Nikiwa nimelala namngoja daktari, hofu ikanishika, na kama watu wengi wenye hofu nikaanza kufanya biashara na Mungu. Nikamwambia nikiona tena nitamtolea kitu Jumapili ya mavuno. Kisha nikaanza kutafuta kichwani hicho kitu. Sofa ni ya binti yangu. Televisheni ni yake, kitanda ni chake, hata soksi nilizovaa alininunulia yeye. Kilichokuwa changu katika nyumba ile kilikuwa kimoja tu. Nikamwahidi Mungu kuku.

Nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili, sijui mara ngapi, habari za yule mwamuzi wa Biblia aliyeropoka nadhiri kabla ya vita, akarudi nyumbani kujuta. Niliwaambia: watoto, mtu afikiri kwanza ndipo amwahidi Mungu. Watoto walisikia. Aliyekuwa hasikilizi ni mwalimu.

Kitambaa kilipotolewa nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja balkoni. Miaka miwili nilidhani kuku wangu ana rangi ya udongo, basi. Kumbe shingo yake ilikuwa na manyoya ya dhahabu, na jicho lake la rangi ya chungwa lilinitazama kwa upande, kama mtu anayesoma barua ambayo hakuandikiwa yeye. Nilikuwa nimemwahidi Mungu kuku ambaye sijamwona.

Jumatano ya wiki ya mavuno nilimkuta amesimama wima kama chupa, mkia chini, macho nusu, akisukuma na kupumua kwa mdomo wazi. Hata mtama hakuugusa. Nikamwita mlinzi wa langoni, mtu wa kwetu aliyekua katikati ya kuku. Alimpapasa chini ya mkia kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa.

"Mzee, yai imekwama," akasema. "Hii ni ya kisu, na ni leo. Kesho itakuwa imekonda."

Nikamweleza kwamba kuku ameahidiwa kanisa. Akanijibu kwamba hata kanisa halitaki mifupa, akarudi langoni.

Hapo nikaona nimeingia mahali pembamba. Sheria ya zamani haitaki mnyama mgonjwa madhabahuni. Nabii mmoja aliwakaripia vikali waliomletea Mungu vilema na vipofu huku wakibaki na wanono. Kwa hiyo kuku wangu akiugua mpaka Jumapili, hatolewi. Akipona, anatolewa, na mchana huohuo atakuwa kwenye sufuria ya wazee wa kanisa. Nikajaza karai maji ya vuguvugu, nikamkalisha ndani, na nikaanza kusali sala ambayo sijawahi kumfundisha mtu: Bwana, mponye, lakini usifanye haraka.

Nilifikiria pia kununua kuku mwingine nimpeleke badala yake. Sheria ilikuwa imeniwahi hapo. Anayebadilisha mnyama wa nadhiri, wanyama wote wawili huwa wa Mungu. Nikapekua kuona kama kuku wametajwa. Ng'ombe wametajwa, mbuzi, hua, makinda ya njiwa. Kuku, hakuna. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika tano, kisha nikaona aibu ya mzee mzima anayemtafutia Mungu mwanya kama wakili wa kesi za mashamba.

Jioni binti yangu alitukuta bafuni, kuku ndani ya karai, mimi chini nikimpaka mafuta ya kupikia mahali ambapo sitapataja. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Baba, hii kuku si ulisema ni ya Mungu?"

"Ni ya Mungu."

"Basi mwachie aioge mwenyewe."

Lakini kuku alikuwa ameegemeza kichwa chake kwenye kifundo cha mkono wangu, na binti yangu alikiona. Akaweka mkoba chini, akaenda kuchemsha maji mengine. Baada ya chakula akatafuta kwenye simu mpaka akapata daktari wa mifugo Loresho anayekubali kuku.

Maji hayakusaidia kitu. Alhamisi nikachukua teksi, katoni mapajani. Dereva aliponiuliza nimebeba nini nikamwambia ni mgonjwa, akaendesha polepole hadi Loresho bila kuuliza tena. Kule kwa daktari tulikaa kando ya mbwa aliyevaa sweta nzuri kuliko yangu. Mwenye mbwa aliinama kuchungulia ndani ya katoni, akajinyosha, akasogea kiti kimoja.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa wajukuu wangu, mtu wa huko Kiambu kwa matamshi yake. Alivaa glavu, akafanya kazi yake bila maneno, nami nikamshikilia kuku mabawa na kutazama ukuta. Yai lilitoka vipande vipande. Ndipo akanieleza hali ilivyo. Ganda limemkwaruza ndani, na uchafu umeingia. Bila dawa huenda akapona mwenyewe, huenda akafa kabla ya wiki kwisha. Akichomwa sindano siku tano mfululizo, anatarajia kwamba atapona. Ila akishachomwa, nyama yake na mayai yake yasiliwe kwa wiki tatu. Akasimama na sindano mkononi.

"Guka, nisaidie hapo," akasema, akiniita babu kwa lugha ya kwao. "Huyu ni wa kula ama ni wa kukaa?"

"Ni wa Mungu," nikamwambia, na nikamweleza nadhiri yote, jicho, mavuno na Jumapili. Alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Na Mungu atamkula?"

Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anataka kujua kuhusu hizo wiki tatu. Nimejibu maswali mazito maishani mwangu: Kaini alipata mke wapi, Nuhu alilisha simba nini, mbona wanaomcha Mungu hawapandishwi cheo. Hili sikuwahi kuulizwa. Nikawaona kuku wote wa miaka arubaini waliotolewa kwa Mungu wakafika kwenye sahani yangu, na sikumkumbuka hata mmoja aliyepita hapo akaendelea mbele.

"Hapana," nikasema. "Tunaokula ni sisi."

"Sasa nichome ama nisichome?"

Njia ya kutimiza neno langu ilikuwa wazi. Asingechomwa, angejikongoja mpaka Jumapili, ningempangusa manyoya nikamtoa, na hakuna ambaye angejua. Akichomwa, singeweza kusingizia ugonjwa. Ningekuwa nimevunja nadhiri mimi mwenyewe, macho yangu wazi, na kuona huko ndiko nilikopewa. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo, bila kuzunguka, kwamba huyu simpi. Kwamba namshukuru kwa kuona kuliko ninavyoweza kutamka, na kama ana hasira anipige mimi, kuku hakuahidi kitu. Kisha nikasema, "Mchome."

Jumapili nilipanga foleni kanisani na wengine wenye matoleo. Mbele yangu kulikuwa na mama mwenye mkungu wa ndizi, nyuma yangu mzee mwenye jogoo aliyefungwa miguu, na mimi katikati mikono mitupu. Zamu yangu ilipofika nikaomba kipaza sauti. Nikasema niliahidi kuku, kwamba yuko nyumbani anachomwa sindano, na kwamba hata akipona sitamleta, kwa sababu sitaki. Nikasema Mungu nimeshamwambia, wao nawaambia ili wasisikie kwa wengine. Akina mama wakacheka ndani ya leso zao.

Mwenyekiti wa wazee, mwenzangu wa kule kwetu aliyenitangulia kuhamia Nairobi, tuliyehubiri pamoja na kulishwa pamoja tangu tukiwa na nywele nyeusi, alisimama akachukua kile kipaza sauti.

"Mwalimu, nadhiri ni nadhiri," akasema. "Hizo wiki tatu tutangoja. Mungu hapotezi kuku wake."

"Mungu ameshampata," nikamjibu. "Mliomkosa ni ninyi."

Mchungaji wetu, ambaye bado ni kijana, aligeukia shada la maua kando ya mimbari akaanza kulipanga upya, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mwenyekiti hakucheka. Hajacheka mpaka leo. Ananisalimia kwa ncha za vidole. Hilo linaniuma, na siwezi kusema halinistahili. Nilivunja neno mbele ya watu, kisha nikawafanya wacheke, na la pili pengine lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nimeomba msamaha kwa yote mawili, kwa Mungu na kwa mwenyekiti. Mungu hakuniambia kitu. Mwenyekiti aliniambia atalifikiria.

Niliporudi Kilimani binti yangu alikuwa ameandaa sindano ya nne. Mimi nashika, yeye anachoma, maana jicho jipya halijazoea kazi ndogondogo. Siku zile tatu za kwanza kuku alichomwa kama mto wa kuchomekea sindano, hata hakugeuka. Siku hiyo aligeuka akamdonoa binti yangu kidoleni mpaka damu ikatoka, akashuka, akatembea juu ya magazeti mpaka kwenye kibakuli cha mtama, akaanza kula. Binti yangu alimtazama huku akinyonya kidole.

"Amepona, huyu mjinga," akasema. Nikakaa chini palepale nikamshukuru Mungu kwa sauti, na kuku hakuondoka kabla ya Amina, kwa sababu mtama ulikuwa haujaisha.

Baadaye, tukinywa chai balkoni, binti yangu akaniuliza nina mpango gani naye sasa. Nikamwambia sina mpango, atakaa balkoni mpaka azeeke afe mwenyewe, kama mimi. Akafikiri, akaniuliza atazikwa wapi, maana kutoka lango letu mpaka barabarani kila mahali ni saruji. Nikatazama chini, na kwa jicho langu jipya nikaona anasema kweli. Hilo tulikubaliana tusimsumbue Mungu nalo bado.