Usibonyeze na Onyo la Mafuriko

Chuoni anaitwa Dokta. Mtaani kwao, kule bondeni karibu na mto, wakubwa kwa wadogo wanamwita Usibonyeze, na jina hilo amelipata kwa haki. Hapiti mlangoni mwa mtu bila kuuliza kama kuna ujumbe wa ajabu ulioingia kwenye simu. Kamera ya kompyuta yake ameiziba kwa kipande cha kitambaa cha maua alichokiokota chini ya cherehani ya mama yake.

Utafiti wake una jina refu: utawala wa mabadiliko ya tabianchi na usalama wa mifumo ya kidijitali. Kwa maneno mepesi, anachunguza ni nani mwenye mamlaka ya kuwaambia watu kwamba maji yanakuja, na neno hilo litawafikiaje bila kuchezewa njiani. Mama yake hufupisha zaidi. Mteja akimuuliza binti yake anafanya kazi gani, yeye hujibu huku amebana uzi kwa meno, "Anasomea mvua na matapeli."

Kazi hiyo haikuanzia vitabuni. Katika mafuriko ya mwisho, ofisi ya mto iliwaambia watu wahame, ofisi ya barabara ikasema wasitoke, na ujumbe usio na mwenyewe ukadai kwamba bwawa limepasuka. Mama alibaki amesimama juu ya meza ya kukatia nguo, mkasi mkononi, mpaka jirani yake kinyozi alipombeba mgongoni. Tangu siku hiyo, Usibonyeze hajawahi kuandika neno "wakazi" bila kumwona mama yake juu ya ile meza.

Alihangaika miaka na makaratasi, vikao na chai zilizopoa, hadi baraza la mji likakubali kwamba onyo litatolewa na ofisi moja tu, ile ya mto. Yeye na wenzake wakatengeneza mfumo wa kutuma ujumbe. Likabaki jaribio. Wakazi wa bondeni wangepokea onyo la majaribio na kupanda hadi shule iliyo juu ya kilima. Wakipanda, baraza lingeupitisha mfumo kabla ya mvua.

Ujumbe ulitumwa asubuhi: "Mafuriko yanakuja. Ondoka sasa hivi. Bonyeza hapa uone njia." Usibonyeze alisubiri kwenye lango la shule pamoja na mwenyekiti wa kamati ya maafa. Akatokea kinyozi peke yake.

"Umepata onyo?" mwenyekiti akamuuliza kwa matumaini.

"Onyo gani? Nimekuja kumnyoa mwalimu mkuu."

Mwenyekiti alikunja miwani yake. "Dokta, watu wako hawataki kuokolewa. Nakupa jaribio moja tena. Likishindikana, kila ofisi itarudi kutangaza lake."

Usibonyeze aliteremka moja kwa moja hadi kwa mama yake.

"Mama, hukupata ujumbe leo?"

"Nimeupata!" Mama aliinua kichwa, uso umejaa fahari. "Nikaufuta. Na nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzangu wafute."

"Mama! Ule ulikuwa wangu."

"Wako? Umeanza utapeli lini?"

"Mama, tafadhali."

"Si wewe uliyetufundisha hapa hapa? Anayekuharakisha ni mwizi. Ukiambiwa bonyeza, usibonyeze. Ule ujumbe ulikuwa unahema, mwanangu. Sasa hivi, sasa hivi, kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

"Basi ukija mwingine, uamini."

"Na mwizi naye akija na maneno hayo hayo?"

Swali lilikuwa zuri kiasi kwamba Usibonyeze angempa mwanafunzi alama zote kwa kuliuliza.

Ofisini wenzake walipendekeza nembo ya baraza. Akasema nembo hunakiliwa. Wakapendekeza herufi kubwa nyekundu. Akasema mwizi naye ana rangi. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa chini juu ya kilima, naye akawa anayatazama dirishani kila alipokataa pendekezo.

Jioni moja, simu yake ikiwa inachajiwa ukutani, alichukua ya mwenzake ampigie mama kumwambia atachelewa.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani? Mwanangu hana namba hii."

"Ni mimi, mama, natumia simu ya..."

Simu ikakatwa. Punde tu ile ya ukutani ikaita. Alikuwa mama.

"Mwanangu, uko salama? Kuna tapeli ameigiza sauti yako sasa hivi. Hata kikohozi chako amekijua, mshenzi!"

Usibonyeze alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha kicheko kikakatika. Mama alikuwa amefuata somo lake neno kwa neno: usimwamini anayekupigia, kata, halafu piga wewe kwa namba unayoijua. Na ujumbe wao ulikuwa umewataka watu wafanye kinyume kabisa.

Kesho yake alibadili kila kitu. Ujumbe mpya haukuwa na kiungo wala namba: "Ofisi ya mto ina taarifa. Piga namba unayoijua." Namba yenyewe ilipakwa rangi kwenye kuta ambazo watu huziona kila siku: zahanati, kibanda cha kinyozi, mlango wa mama. Anayepiga angesikia sauti iliyorekodiwa, moja kwa wote: maji yanakuja, pandeni shuleni.

"Ujumbe usio na namba!" mwenyekiti alishangaa.

"Ndiyo, mheshimiwa. Usiombe kuaminiwa. Waache wakuhakikishe."

Siku ya jaribio la pili alisimama tena langoni. Ujumbe ukatumwa. Kilima kikabaki kitupu. Mwenyekiti akatazama saa yake, akakohoa. Kisha akatokea kinyozi na kiti chake kichwani, na nyuma yake wanawake, watoto, mzee mwenye redio. Mama alikuja akiwa amekumbatia gauni la bibi harusi lililofungwa kwenye shuka.

"Nimepiga mara mbili," alisema akitweta, "ya pili nihakikishe ya kwanza."

Usibonyeze alimshika mkono.

Mwenyekiti alipanda kwenye ngazi ya darasa, amefurahi. "Mmefaulu! Mfumo tumeupitisha. Asanteni sana, sasa rudini nyumbani."

Hakuna aliyeondoka.

"Nimesema mnaweza kwenda."

Mama akabonyeza namba, akaweka simu sikioni, akasikiliza kwa makini. "Huku bado wanasema maji yanakuja," akamjibu kwa adabu. "Shikamoo, mheshimiwa, lakini wewe hatukujui."

Watu wakacheka, kinyozi akafungua kiti chake na kuketi. Mwenyekiti akamgeukia mtafiti. Katika maandalizi yote, Usibonyeze hakuwa amerekodi tangazo la kuwarudisha watu makwao. Akavua viatu na kuteremka kilima mbio kuelekea ofisi ya mto, huku mama akipaza sauti nyuma yake:

"Polepole, mwanangu! Sisi tunasubiri!"